Mawimbi Yasiyofika Jikoni

Kila Jumamosi asubuhi Vololona alipanda juu ya nusu ya nazi. Mguu mmoja aliuweka sakafuni, mwingine juu ya makumbi, akazisugua mbao zilizopakwa nta huku na huku kama mtu anayecheza ngoma ya mguu mmoja, mpaka sebule yote ikang'aa. Baridi ya Antsirabe, mji wa milimani nchini Madagaska, ilikuwa bado imeganda madirishani, lakini yeye jasho lilikuwa likimtoka.

"Wewe Vololona!" Sauti ya Bebe, bibi yake mzaa mama, ilishuka kutoka ghorofani. "Upande wa magharibi umeuruka!"

"Bebe, umejuaje nawe hujauona?"

"Nina masikio. Nazi haijalia upande huo. Sugua, usinifanye mtoto!"

Vololona akacheka, akarudi magharibi. Bebe alikuwa huko juu kabisa, jikoni, kando ya meko. Tangu ateleze na kuumia nyonga wakati wa mvua, hakuwa ameshuka ngazi ile nyembamba hata mara moja. Kula kwake jikoni, kulala kwake chumba cha pembeni mwa jiko, na hadithi zake zote humo humo.

Neny, mama yake Vololona, hakuwapo. Alikuwa kisiwani Morisi, ng'ambo ya bahari, akishona mashati kiwandani, na huu ulikuwa mwaka wa tatu unaingia. Jumapili alasiri alikuwa na mapumziko, na hapo ndipo alipopiga simu ya picha. Vololona alisimamisha kishikwambi cha zamani jikoni, akakiegemeza kwenye sufuria ya wali, na uso wa mama ukatokea hapo. Wiki nzima aliishi kwa ajili ya saa ile. Mama akisema neno, alilibeba mpaka Jumapili nyingine.

Ndipo Mjomba Njaka alipobadilisha ruta, kile kisanduku kinachorusha waifai nyumbani. Mjomba, kaka yake Neny, alifanya kazi sebuleni, akijibu maswali ya wateja wa kampuni ya mbali kupitia kompyuta, na ruta ya zamani ilikuwa ikimwangusha mbele ya wakubwa wake. Mpya ilikuwa na antena nne na majina mawili ya waifai, la wimbi la kasi na la wimbi la polepole. Fundi aliifunga karibu na ngazi, akaenda zake.

"Mmeiweka wapi?" Bebe akauliza kutoka juu.

"Karibu na ngazi, Bebe."

"Salale! Kitu cha thamani kama hicho mmekiweka njiani kama ndoo ya maji machafu? Kipelekeni pembe ya wazee."

Pembe ya wazee ni ile ya kaskazini mashariki. Hapo ndipo ilipotundikwa picha ya marehemu babu, hapo ndipo hukaa mgeni wa heshima, na katika nyumba ile hakuna aliyebishana na Bebe kuhusu dira. Mjomba akavuta waya, ruta ikaketi chini ya picha ya babu, ukuta mnene wa matofali ukiwa ubavuni mwake.

Haikupita wiki, Vololona akagombana na Ndimby. Ndimby alikuwa mtoto wa jirani, darasa moja naye. Kwao hakukuwa na waifai, hivyo Mjomba alimpa nywila afanyie kazi za shule akiwa amekaa juu ya ukuta wa uani. Ujirani ni hivyo. Lakini siku ile shuleni waligombania mpira, na Ndimby akaropoka mbele ya wenzao:

"Ndiyo maana mama yako harudi! Amepata watoto wengine huko, wasio na kelele!"

Wenzao wakacheka. Vololona hakulia. Alifika nyumbani, akafungua mipangilio ya ruta kama alivyomwona Mjomba akifanya, akatafuta mahali palipoandikwa nguvu ya wimbi la polepole. Palikuwa na juu, kati na chini. Akachagua chini. Kisha akachungulia dirishani. Juu ya ukuta, Ndimby alikuwa akiinua simu ya mama yake hewani, akiigeuza huku na kule, mpaka akashuka na daftari lake. Vololona alifurahi, ingawa furaha yenyewe ilikuwa na uchungu ndani yake.

Jumapili iliyofuata uso wa Neny ulikuja vipande vipande. Jicho, kisha giza. Mdomo wazi, umeganda.

"Vololona... kiwandani wametuuliza... miaka miwili mingine... si kesho, Jumatatu ijayo nijibu..."

"Neny! Sikusikii!"

Akakimbia na kishikwambi sebuleni, picha ikatulia.

"Mwanangu, nisikilize," Neny akasema. "Wanataka nijue kama nabaki au narudi. Kwenye ujumbe kila siku unaniandikia 'sijambo'. Na mama yangu naye kila siku eti ni mzima. Sitaki maandishi tena. Nataka niwaone nyote wawili kwa pamoja, mniambie machoni. Nipeleke kwa mama."

Vololona akapanda ngazi. Kufika daraja la tano, Neny akaganda. Kufika jikoni, akapotea.

Juma lile lilikuwa refu. Usiku Vololona alijifunika shuka la mama, lililokwisha poteza harufu yake zamani, akajiuliza ni nani atamsuka nywele kwa miaka miwili mingine. Hata hivyo, kila alipoandika ujumbe alijikuta ameandika: "Sijambo, Neny."

"Mjomba, waifai ni mbovu," akalalamika.

"Yangu inakimbia kama swala," Mjomba akajibu bila kuinua macho kwenye kompyuta. "Kishikwambi chenu kimezeeka, kinahitaji pensheni."

"Tumia simu yako basi, tupande nayo."

Wakapanda. Jikoni simu mpya ya Mjomba nayo ikakata. Mtandao wa kawaida wa simu haukufaa kitu, maana nyumba ilikuwa bondeni. Hapo Mjomba akaacha mzaha.

Jumapili mchana, baada ya ibada, wali ukiwa bado mekoni, akaanza kutafuta tatizo.

"Tusibadilishe mambo kumi kwa pamoja," alisema. "Tukibahatisha, hatutajua kilichoponya. Wimbi la kasi ni kama mkimbiaji wa mbio fupi, ukuta mnene unamchosha. La polepole ndilo linalofika mbali. Haya, tulijaribu jina la polepole."

Akaiunganisha simu yake mpya kwenye wimbi la polepole, akasimama jikoni. Mstari mmoja tu wa mtandao ukatokea. Kishikwambi nacho, mstari mmoja.

"Ehee! Kumbe kishikwambi nimekisingizia. Ugonjwa uko kwenye ruta. Bebe, samahani, lakini ile pembe..."

"Pembe imefanya nini?"

"Iko mwisho wa nyumba, Bebe, na ukuta umeiziba. Ikirudi kwenye ngazi, juu yake ni mbao tupu mpaka hapa jikoni."

Bebe akachochea moto. Hatimaye kikongwe akaguna.

"Nilidhani ni mgeni. Kumbe ni mtumishi, kazi yake kupeleka maneno huku na huku. Tangu lini mtumishi akaketi pembe ya wazee? Mrudisheni kwenye ngazi. Na mwombeni babu radhi kwa kumbughudhi."

Wakairudisha. Mistari ikawa miwili. Mjomba akampigia rafiki yake ajaribu picha. Picha ikaja, ikaganda, ikaja, ikaganda tena.

"Ajabu," Mjomba akasema, akikuna kichwa. "Hapa ilitakiwa ijae. Vololona, umegusa chochote kwenye ruta hii?"

"Hapana, Mjomba."

Neno lilitoka lenyewe. Mjomba akaamini, akaendelea. Akaizima ruta, akaiwasha. Akageuza antena zake. Akaondoa beseni la bati lililokuwa karibu. Mistari miwili. Saa ya ukutani ilikuwa imevuka saa nane, na saa tisa Neny angepiga.

Vololona alisimama dirishani. Aliutazama ukuta wa uani, mtupu, na ghafla moyo ukampasuka. Wimbi lililoshindwa kufika pale lingewezaje kufika jikoni? Alikuwa amemnyima Ndimby, kumbe alijinyima mwenyewe. Akisema, Mjomba atajua kwamba amemdanganya mchana kweupe. Asiposema, Neny atajibu kesho bila kuwaona.

"Mjomba," akasema, na machozi yakaanza kabla ya maneno. "Niligusa. Nilipunguza nguvu ya wimbi la polepole ili Ndimby asipate. Alisema Neny amepata watoto wengine."

Uso wa Mjomba ukakunjamana.

"Nimehangaika saa nzima nikiitibu mashine kwa ugonjwa usio wake, nawe umesimama hapo unajua?"

"Sikujua kwamba ndiyo hiyo! Lakini nilisema sikugusa, na niligusa."

"Hilo ndilo lililonichosha, si jingine. Haya, keti. Ulivyofunga, fungua mwenyewe."

Vololona akaketi mbele ya kompyuta. Akachagua juu. Bebe, aliyekishika kishikwambi kule jikoni, akapiga kelele: "Imejaa! Mistari yote imejaa!"

"Bado kuna mtu mmoja," Mjomba akasema. "Nenda mbio."

Ndimby alikuwa uani kwao akipepeta mchele. Vololona akamwambia yote pale pale, bila kukata kona.

"Kumbe ni wewe!" Ndimby akasema. "Nilidhani Mjomba Njaka amenifukuza. Mama alitaka kuja kuuliza, nikamkataza kwa aibu." Akainamisha kichwa juu ya ungo. "Yale ya mama yako... nilisema tu ili wacheke. Nisamehe."

"Na wewe nisamehe. Njoo ukutani, inafika sasa."

Saa tisa kishikwambi kikalia. Uso wa Neny ukatokea mzima, na kovu dogo la kidevuni, na uzi mwekundu ulionasa kwenye nywele zake. Hakuganda. Alipepesa macho.

"Mmependeza," Neny akasema taratibu. "Mama, nyuma yako kuna nini? Ni magongo?"

Bebe akajaribu kuyafunika kwa shuka. Alikuwa amechelewa.

"Mama! Uliniambia uliteleza kidogo!"

"Niliteleza kidogo. Nikaanguka sana."

Neny akafunika mdomo. Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe, Vololona? Niambie nikiwa nakutazama. Nibaki?"

Jibu alilolizoea lilikuwa tayari mdomoni. Sijambo, Neny. Baki tu. Alitazama sakafu, kisha akauinua uso wake wote kwenye kioo.

"Mimi si mzima, Neny. Nimekukumbuka kila siku. Nilikuwa nakudanganya. Nataka urudi."

Neny alilia, akacheka, akajifuta kwa kiganja. "Mwanangu, miaka yote hii nilikuwa nasubiri mtu mmoja wa nyumba hiyo aniite. Nikadhani mmezoea bila mimi. Kesho nitawaambia wanitafutie tiketi. Tutakula kidogo, lakini tutakula pamoja."

Picha ilipozimika, Mjomba akapenga kamasi kwa kelele na kusingizia moshi wa kuni. Bebe alimvuta Vololona ubavuni mwake.

"Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe," akasema. "Ulimchimbia jirani, ukatumbukia wewe. Hilo umeliona. Lakini walisema pia mficha maradhi kifo humuumbua, na hapo hatuko salama hata mmoja. Wewe ulificha ulichogusa, na ukaficha hamu yako. Mimi na mvi zangu nilificha nyonga. Fundi haponyi asichoambiwa, mjukuu wangu, na anayekupenda hawezi kuja kama hujamwita. Kuanzia leo, katika nyumba hii, kinachouma kinasemwa."

"Ndiyo, Bebe."

"Vizuri. Basi nami naanza. Nyonga inaniuma sana. Niletee mto."