Kompresa ya Baba na Mistari ya Mbinya

Kila jioni akitoka shuleni, Mbinya alikuwa na kazi tatu. Kwanza alivua sare na kuitundika msumarini. Pili alimwosha miguu mdogo wake Nduku, msichana wa miaka minne aliyekataa katakata kuvaa viatu. Ya tatu, ambayo baba yao aliiita kazi ya mtu mzima, ilikuwa kuzunguka nyuma ya kibanda pale kwao Kalimoni, kuinama chini ya kompresa na kufungua koki ili maji yatoke.

Kompresa ni mashine ya kukusanya upepo. Kichwa chake hunyonya hewa na kuisukuma ndani ya tangi la chuma mpaka ibanane. Baba yao, Bwana Kimanzi, aliutumia upepo huo kupulizia rangi masanduku ya chuma, yale ambayo wanafunzi wa bweni huenda nayo shuleni Januari. Watu walitoka Juja, wengine hata Ruiru, kumletea masanduku yao, kwa sababu rangi yake haikubabuka.

"Kwani upepo una maji, Baba?" Mbinya alikuwa ameuliza siku ya kwanza.

"Unayo, Mwaitu. Ukibanwa unatoa jasho, kama vile wewe ukibanwa kwenye foleni ya chakula shuleni. Sasa hilo jasho likikaa ndani, tangi linaoza."

Alimwita Mwaitu, yaani mama yangu kwa Kikamba, kwa sababu Mbinya alibeba jina la nyanya yake. Basi akampa kipande cha chaki. Kila akimaliza kumwaga maji, achore mstari mmoja kwenye mlango wa mbao wa kibanda. Baba akipita anaona mstari, anajua kazi imefanywa.

Muhula wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Muhula wa pili koki ikaanza kuwa ngumu. Jioni moja Mbinya aliizungusha kwa nguvu zake zote, ikafunguka ghafla. Psssshhh! Maji machafu yalimrukia usoni, na ile sauti ikampigia masikioni mpaka akaanguka chali. Alibaki chini pale, akidhani mashine nzima imepasuka.

Kesho yake alirudi nyuma ya kibanda. Aliinama. Aliishika koki. Akakumbuka ile sauti, mkono ukakataa kuizungusha. Akasimama, akachukua chaki, akachora mstari.

"Kesho nitamwaga mara mbili," alijiambia.

Kesho ikafika, akachora tu. Na kesho kutwa hivyo hivyo. Muhula wa pili ukaisha, wa tatu ukaisha, na ule mlango ukajaa mistari mizuri iliyonyooka. Tangi nalo, kwa kuwa Baba alilipaka rangi ya buluu kila mwaka, lilimetameta kama jipya. Nani angejua?

Likizo ya Novemba ilipoanza, kompresa ilianza kugonga. Ko-ko-ko-ko! Ikatoa moshi, ikanyamaza. Masanduku thelathini yalikuwa yamepangwa uani yakisubiri rangi. Baba akampigia simu fundi Gachanja wa Ruiru, naye akaja na bodaboda mchana huo huo, na mfuko wake wa spana begani.

Gachanja alikifungua kichwa, akatazama ndani, akatikisa kichwa chake mwenyewe. "Hiki kimekufa, Kimanzi. Hapa uko na njia mbili. Ununue kompresa nzima, ama ununue kichwa peke yake tukikalishe juu ya tangi hili la zamani. Kichwa ni rahisi zaidi. Lakini sasa inategemea tangi. Liko sawa?"

Baba alicheka. Akanyoosha kidole mlangoni. "Si usome mwenyewe!"

Gachanja akaisogelea ile mistari, akapiga mluzi. "Haiya! Huyu ni nani anachora hivi?"

"Ni huyu Mwaitu wangu. Hajakosa hata siku moja."

"Mimi mwenyewe yangu siimwagi hivi, na ni mimi fundi," Gachanja alisema. "Basi usisumbuke. Nunua kichwa. Ukishakipata niite."

Mbinya alikuwa amesimama pale pale na kikombe cha chai ya fundi. Chai ilimwagikia vidole vyake na hakuhisi moto. Aliweka kikombe chini, akaingia ndani.

Usiku mzima aligeukageuka kitandani. Jumamosi asubuhi Baba akasema, "Vaa viatu, tunaenda Thika. Mtunza tangi lazima awepo tukichagua." Alisema kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyomuuma Mbinya zaidi.

Katika duka la mashine pale Thika kulikuwa na kompresa za kila ukubwa, nyekundu na nyeusi, zimepangwa kama ng'ombe zizini. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, Mwas.

"Niaje mzee! Sasa mrembo! Leo mnatafuta nini?"

Baba akaeleza. Mwas akaleta kichwa kipya, bado kina grisi ya kiwandani. Halafu akauliza kama Gachanja alivyouliza. "Na hilo tangi la zamani, mzee, lilikuwa linamwagwa maji? Usinicheze. Kuna jamaa wa kuziba pancha, mteja wangu, aliweka kichwa kipya kwa tangi lililooza. Kichwa kipya kina nguvu, unajua. Tangi lilipasuka likang'oa mabati. Yeye alikuwa ameenda kununua maandazi. Hayo maandazi ndiyo yalimwokoa."

Mwas alicheka. Baba naye akacheka. Mbinya akashika ukingo wa meza.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo, "tununue ile nzima."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo angesema. Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini Mwas alikuwa anamtazama, na Baba alikuwa anatabasamu.

"Iko... iko na rangi nzuri."

Wanaume wale wawili walicheka mpaka mteja mwingine akageuka. "Mwaitu, rangi niachie mimi!" Baba alisema. Kichwa kikafungwa kwenye katoni, wakarudi nacho Kalimoni.

Saa nane mchana Gachanja alikuwa kazini. Alikaza boliti, akafunga mkanda, akapangusa mikono. Mbinya alisimama kando ya ukuta. Alijiambia huenda tangi ni zima tu. Alijiambia chuma ni kigumu. Akajiambia pia kwamba akinyamaza mpaka jioni, mambo yatakuwa yamepita.

"Washa," Gachanja alisema. Baba akawasha.

Kompresa ilinguruma kwa nguvu kuliko zamani. Mshale wa geji, ile saa ndogo inayoonyesha upepo umebanwa kiasi gani, ukaanza kupanda.

"Moja," Gachanja alisoma. "Mbili. Aaah, hii ni mashine! Tunaipeleka mpaka nane."

Nduku, bila viatu, alikuja mbio kutoka jikoni. Alipenda mtetemo wa kompresa. Akachuchumaa, akalaza shavu lake juu ya tangi la buluu, akafumba macho.

"Inaimba," Nduku alisema.

"Tatu," Gachanja alisoma.

Mbinya hakumbuki alivyofika penye waya wa kompresa. Alishika waya, akauchomoa kwenye soketi kwa mikono miwili. Kompresa ikazimika. Alimvuta Nduku kwa gauni, wakaanguka wote wawili kwenye vumbi.

"We Mbinya! Una wazimu?" Baba alifoka.

"Sikumwaga!" alilia. "Sikumwaga maji, Baba! Nilichora tu! Tangu muhula wa pili nilichora tu!"

Nduku naye alikuwa analia kwa kuvutwa gauni. Baba alimbeba, akamwingiza ndani ya nyumba, akamfungia mlango. Gachanja alimwambia Mbinya asimame mbali, kule kwenye mpapai. Kisha akafungua upepo kupitia valvu ya juu, polepole, akingoja mpaka mshale ukalala kwenye sifuri.

Ndipo akaishika koki ya chini. Haikuzunguka. Akaongeza bomba kwenye spana ili apate nguvu, koki ikatoka yote na kutu. Hakuna tone lililoanguka. Gachanja akatia waya kwenye tundu, akachokora. Maji mazito, meusi kama chai ya rangi, yakabubujika, yakajaza karai, yakamwagika. Nyuma yake yakafuata magamba ya chuma, mengine makubwa kama kucha.

Fundi akachukua nyundo ndogo, akagonga tangi upande wa juu. Ng'eng! Akagonga upande wa chini. Dup. Akachukua bisibisi, akasukuma mahali pale paliposema dup. Hakusukuma kwa nguvu. Bisibisi ikaingia ndani mpaka mpini.

"Ngai," Gachanja alinong'ona, akimwita Mungu kwa Kikuyu. Aliikagua ile bisibisi, akatazama mahali Nduku alipokuwa amelaza shavu. Kutoka kwenye tundu hilo haikufika hatua moja.

Baba alikaa juu ya sanduku. Mbinya alingoja kofi. Alitamani lije limalizike. Halikuja.

"Kwa nini?" Baba aliuliza mwishowe.

"Niliogopa. Ile koki ilinirukia, nikaogopa."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ulisema ni kazi ya mtu mzima."

Baba aliinamisha kichwa.

Jumatatu walirudi Thika. Kichwa kilikuwa kimefanya kazi dakika chache tu, kwa hivyo Mwas alikubali kukipokea tena, na Baba akaongeza kilichobaki ili achukue kompresa nzima. Pesa zilitosha ndogo tu, yenye tangi nusu ya lile la zamani. Aliposikia yaliyotokea, Mwas hakutania tena. Aliwapangia tatu sakafuni.

"Chagua," Baba alimwambia Mbinya.

"Mimi?"

"Zote tatu zina nguvu ya kutosha kazi yangu. Fungua koki moja moja."

Mbinya alipiga magoti. Ya kwanza koki ilikuwa chini kabisa, mtu lazima alale. Ya pili ilikuwa ngumu. Ya tatu ilikuwa na mpini mrefu uliotokeza kando, ukazunguka kwa vidole viwili, huku uso ukiwa mbali. "Hii," alisema. Wakaichukua.

Kazi ilienda polepole, maana tangi dogo huisha upepo haraka na kulazimu kungoja. Baba aliwapigia simu wenye masanduku, akawaambia yatachelewa. Mmoja alikuja akachukua lake, akalipeleka kwa fundi mwingine. Wengine walikubali kusubiri.

Jioni ya sanduku la mwisho, Baba alimwita Mbinya uani.

"Mimi nina kosa langu," alisema. "Nilisoma mlango, sikulisoma tangi. Hata siku moja sikuinama kuangalia. Lakini wewe sikiza. Kuogopa si kosa. Ungeniambia unaogopa, tungeinama wawili, koki ingefunguka. Ulipoficha, nilimwacha Nduku alale juu ya kitu kibovu, nikicheka. Kazi usiyoiweza niletee ikiwa haijafanywa. Hiyo naweza kuirekebisha. Lakini ile ya kusema tu imefanywa siwezi, kwa sababu sijui kama bado ipo."

"Nimesikia, Baba."

"Na ukiogopa tena?"

"Nitasema."

"Lini?"

Mbinya alifikiri kidogo. "Hapo hapo," alisema, "nikiwa bado naogopa."