Ruhusa ya Kushusha

Dakika sita.

Ganzi alipanda ngazi za hospitali mbili mbili, bastola ya Glock ikimgonga kiunoni. Wenzake katika kitengo cha polisi cha uhalifu wa mtandaoni walimpa jina hilo kwa sababu tangu amzike mumewe hakuna aliyemwona akilia wala akicheka.

Redio ilikwaruza sikioni.

"Ganzi, kituo hapa. Saa nne kamili kompyuta kuu inasasisha programu zake. Genge la magendo limepenyeza kitu humo. Wagonjwa kumi na tisa wako kwenye mashine za kupumulia."

"Nani wa ndani kawapenyezea?"

"Hatujui."

Fundi mkuu wa kompyuta alikuwa peke yake ofisini, kikombe cha chai mkononi. Alikuwa mume wa dada yake.

"Karibu, shemeji! Leo umepotea njia?"

"Toka kwenye kiti."

"Makubwa! Hata salamu?"

Ganzi alimsogeza, akakaa yeye. Alisoma amri iliyosubiri saa nne. Mwishoni kulikuwa na -y, yaani mashine isiulize kitu, ikubali tu. Mafundi wavivu wote huiweka. Baada yake: --allow-downgrades, ruhusa ya kushusha programu hadi toleo la zamani.

Dakika tatu.

Akaondoa -y. Akaweka -s, mashine ijaribu tu bila kugusa kitu. Orodha ikateremka. Programu arobaini na moja zinapanda toleo.

Moja inashuka.

Ni ile inayoendesha mashine za kupumulia. Inarudi toleo la mwaka juzi, lenye tundu ambalo genge lingepitia na kuzizima zote.

Akafuta amri. Akaifunga programu ile isiguswe.

Saa nne ikafika, ikapita. Wodini mashine ziliendelea kupumua.

"Vidole viliteleza tu, shemeji," fundi alisema. Chai ilikuwa inammwagikia mkononi na hakuisikia.

"Vidole havitelezi kwa herufi kumi na tano. Anayepandisha haombi ruhusa ya kushusha."

Fundi akainama. "Walisema watamzimia mashine mmoja tu. Yule shahidi wa kesi yao."

"Na hao kumi na wanane?"

Fundi aliweka kikombe mezani.

Akamfunga pingu, akawakabidhi askari mlangoni. Akiteremka ngazi alipiga simu.

"Ehe, mdogo wangu!" dada yake alipokea. "Ukimwona shemeji yako mwambie asichelewe mchana, leo napika anachokipenda."

"Kula wewe, dada. Mumeo haji. Nimemkamata mimi."

Alisubiri aambiwe lolote. Simu ikakatwa.

Alisubiri machozi pia, mpaka getini. Hayakuja. Akavaa miwani ya jua, akavuka barabara.