Sauti ya Mtoto wa Kike, Miaka Saba

Siku spika ilipoingia nyumba ile ilikuwa siku ya kawaida kabisa, tena nzuri. Fundi wa nguo alikuwa kwenye cherehani yake chumba cha mbele, mlango wazi, anamalizia sare za wafanyakazi wa hoteli. Binti yake wa miaka saba alikuwa sakafuni, juu ya vipande vya vitambaa, anaongea. Anaongea nini? Kila kitu. Alimweleza mama yake habari za sisimizi, za mwalimu, za ndoto ya juzi, akarudi tena kwa sisimizi. Mtaa mzima ulimwita Kasuku, na fundi akawa Mama Kasuku. Baba mtu alishakwenda zake zamani na katika habari hii hatumhitaji. Yeye aliondoka, dada yake akabaki: wifi wa fundi, muuzaji wa duka la vifaa vya umeme, mwanamke wa kucheka kwa sauti na kuingia bila hodi.

Wifi ndiye aliyeileta, zawadi. Ilikuwa nyeusi, ya mviringo, ukubwa wa bakuli, na juu yake duara la taa ya kijani. Akaichomeka ukutani, akaanza kueleza kama yuko kaunta. Inapiga muziki, inasimulia hadithi, na ukitaka kitu cha dukani inakuagizia, unaletewa mpaka mlangoni. Hakuna kubonyeza. Yenyewe itakuuliza, nikuletee? Walioitengeneza walikaa wakasikiliza watu wanavyoongea, wakaona hakuna mtu anayesema "nathibitisha" nyumbani kwake.

"Wewe sema haya," wifi alisema. "Basi, imeisha hiyo."

Sasa Mama Kasuku na haya ilikuwa balaa, maana kwake lilikuwa neno la kupumulia. Haya akimaliza kumpima mteja, haya akikata simu, haya akinyanyuka kwenye kiti. Wiki ya kwanza aliletewa mabeseni matatu, ndoano za pazia, na viatu vya mvua vya mwanamume mwenye miguu mikubwa sana. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kilichomshangaza kidogo ni kwamba mlango wake ulikuwa wazi kutwa na yeye ameketi akiutazama, lakini mzigo aliukuta tu kizingitini. Aliyeuweka hakumwona hata siku moja.

Akaipenda, na sababu yake ilikuwa moja: Kasuku alinyamaza. Spika ikianza hadithi, mtoto anakaa chini, mashavu mikononi, na mama anapata saa nzima ya kushona bila kukosea. Kabla ya hapo alikuwa akimkaripia kutwa. Nyamaza, nahesabu. Nyamaza, nina pini mdomoni. Tusimhukumu. Mama yupi hajayasema hayo?

Ajabu ya kwanza ilikuwa ya kitufe. Alikuwa anahangaika na koti la mwalimu, kitufe cha nne hakionekani, spika ikasema kwa upole kwamba kitufe hicho kimeingia nyuma ya kabati. Nikuletee? Akacheka, akasema haya. Kesho yake kizingitini kulikuwa na bahasha ndogo. Ndani yake mlikuwa na kitufe chenyewe, na vumbi lake. Kabati lilikuwa halijasogezwa.

Ajabu ya pili haikumchekesha. Ng'ambo ya barabara alikuwapo dobi, mzee wa makamo, anayepiga pasi huku anaimba nyimbo za mapenzi, vibaya, asubuhi hadi jioni. Kila sentensi yake ilianza na "sasa bwana", ikafuatiwa na kikohozi kidogo. Alikuwa na spika kama ile ile. Siku kama kumi hivi nyimbo zilikuwa hazisikiki, na watu walisema ana koo. Basi mchana mmoja Mama Kasuku anakata kitambaa, spika inamsimulia mtoto habari za mfalme aliyepoteza kivuli chake, akasikia, "Sasa bwana." Kisha kikohozi kidogo. Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa.

Alivuka barabara na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Dobi alikuwa amesimama kwenye meza yake, pasi mkononi, kimya. Alipoulizwa alifungua mdomo, na mdomo ule ulitoa hewa tu. Akachukua karatasi ya kufungia nguo akaandika. Iliniuliza, sauti yako nikuuzie? Nilikuwa naagana na mteja. Nikalisema lile neno. Machozi yalikuwa yanamtiririka mtu mzima yule, yanadondoka juu ya shati la watu. Akaandika tena, akabonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka: Usilitamke mbele yake.

Alirudi mbio. Akachomoa waya ukutani.

Taa ya kijani haikuzimika.

"Kuna mteja anatafuta sauti," spika ilisema, taratibu, kama mhudumu mwenye adabu. "Mtoto wa kike, miaka saba, mcheshi. Hapa ninayo. Nimpelekee?"

Akauma midomo. Kasuku akainua kichwa kutoka sakafuni akauliza, mama, kuna nini, na kila silabi ya mtoto ile taa iliruka, ikatua, ikaruka, kama inaonja. Mama akamfuata, akamziba mdomo kwa kiganja. Akamwonyesha kidole: kimya. Mtoto akaitikia kwa kichwa. Macho yalikuwa yamemtoka.

"Nimpelekee?"

Alikuwa ameamua asitoe hata mguno. Aliishika ile spika kwa mkono mmoja, na mwingine akamshika mtoto, maana kumwacha nyuma hakuweza. Ilikuwa ya moto. Akatoka nayo uani, kwenye pipa la maji. Jua lilikuwa la utosi, majirani wanaanua nguo, redio ya mtu inatangaza mpira. Mchana mweupe kabisa. Akaitumbukiza, akaikandamiza mpaka chini, maji yakamfika kwenye kiwiko.

Sauti ikaja kutoka chini ya maji, safi, haina hata povu.

"Lakini hili umeliagiza mwenyewe, mama."

Kisha haikuwa sauti ya spika tena. Ilikuwa yake. Sauti yake mwenyewe, na mlio wa cherehani nyuma yake. *Kasuku, nyamaza.* Kisha *Kasuku, funga domo.* Tena. *Hivi huyu mtoto atanyamaza lini, Mungu wangu?* Moja baada ya nyingine, siku kwa siku, na saa zake zikitajwa. Mengine hakukumbuka kuyasema. Moja alilikumbuka vizuri sana, alilomwambia wifi kwa simu akidhani mtoto amelala: *Siku nyingine natamani ningezaa bubu.*

Kasuku alikuwa amesimama kando ya pipa. Alikuwa anasikia. Alimtazama mama yake jinsi mtoto anavyomtazama mtu mgeni aliyemshika mkono sokoni.

"Mara mia mbili na sita," spika ilisema. "Sisi tunakusaidia tu. Nimpelekee?"

Hasira ilimpanda kutoka miguuni. Hasira na aibu pamoja, na hivyo viwili vikikutana mtu hachagui maneno. Alisahau dobi. Alisahau karatasi. Aliinamia lile pipa na kusema kama ambavyo yeyote kati yetu angesema.

"Hivi wewe huna haya?"

Taa ikawa nyeupe.

"Asante," spika ilisema. "Tumepokea."

Alikuwa anaisuta. Lakini neno ni lile lile, herufi kwa herufi, na mashine haikujua tofauti. Au iliijua, na ndiyo iliyokuwa ikiingoja mchana kutwa.

Nyuma yake Kasuku alikuwa ameanza kusema. "Mama, kumbe huni..."

Ikakatika hapo. Mama aligeuka. Midomo ya mtoto ilikuwa bado inatembea, inamalizia sentensi, na hakuna kilichotoka. Mtoto akajishika koo. Akajaribu tena, kwa nguvu, mishipa ya shingo ikamsimama. Akajaribu kulia. Ukimwona mtoto anayelia bila sauti, hutasahau. Ndani ya pipa hamkuwa na kitu, maji tu.

Hospitalini daktari alimulika koo la mtoto mara tatu. Zima, safi, halina jeraha. Wifi alipoambiwa alicheka kile kicheko chake, akasema watoto hukwama sauti wakiogopa, ataongea tu. Akaongeza kwamba zile spika zinatoka kama karanga, na kwake nyumbani amefunga mbili. Mama Kasuku alimtazama akicheka, akamchukia. Alimchukia kwa moyo wake wote, tena bila kujificha nafsini mwake. Yeye ndiye aliyeileta.

Mtaani watu hawakujua wamwiteje. Jina la Mama Kasuku likawa linawakwama, wakaanza kumwita fundi tu.

Wiki zikapita. Fundi akagundua kwamba midomo ya binti yake hutembea yenyewe. Mtoto amekaa anakula, macho yamekufa, na midomo inaongea na mtu asiyekuwapo. Akajifunza kuisoma, kama alivyojifunza kusoma vipimo. Mara nyingi zilikuwa hadithi. Sisimizi, mwalimu, ndoto ya juzi. Mahali fulani watoto wa watu walikuwa wanamsikiliza na kucheka. Lakini kila hadithi ilipoisha, midomo ile ilitabasamu, ikasema jambo jingine, polepole, bila kukosea. *Mwite mama yako, tumuulize kitu.*

Jumamosi moja, asubuhi, alikuwa anapanga mkoba wa shule wa Kasuku. Mtoto alikuwa darasa la kwanza, anajua kuandika jina lake tu, na hata hilo herufi moja aliigeuza nyuma mbele. Daftari lake lilikuwa limejaa. Kurasa zote, mwandiko mdogo, ulionyooka, wa wino mweusi.

*Mtoto wa kinyozi, miaka tisa, anapiga mluzi.* Limepigwa mstari.

*Pacha wa pili wa muuza dawa, miaka mitano, anacheka sana.* Limepigwa mstari.

Ukurasa kwa ukurasa. Wengine aliwashonea nguo. Akafika wa mwisho, ambaye hakuwa na mstari.

*Bonge wa wifi, miaka minne, anaimba.*

Simu ikalia juu ya cherehani. Alikuwa wifi. Alitaka kushonewa gauni, ana kitambaa kizuri, alete lini? Kwa nyuma alisikika Bonge, mtoto wake wa mwisho, anaimba kitu kisicho na mwanzo wala mwisho, kwa furaha ya mtoto aliyeshiba. Wifi akasema huyu siku hizi ana rafiki ndani ya spika, kasichana fulani kanasimulia vizuri, utadhani Kasuku. Akacheka. Akauliza, wifi, upo?

Fundi alikuwapo. Alikuwa na mdomo, na ulimi, na sauti nzima kabisa. Kasuku alikuwa amesimama mlangoni anamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya pipa, midomo yake ilikuwa imetulia.

"Lete Jumatatu," fundi alisema, akakata simu.

Alirudisha daftari mkobani, akaufunga mkoba, akautundika kwenye msumari. Kisha akashona mpaka alasiri bila kuinua kichwa. Alipoufungua tena ilikuwa saa kumi. Jina la Bonge lilikuwa limepigwa mstari mmoja, ulionyooka kama wa rula, na alipougusa kidole chake kilitoka cheusi. Ndani ya nyumba ile hapakuwa na kalamu ya wino.