Chachu ya Mama Inosenti

Kipande kilikuwa kikavu kama mfupa Bernadina alipokiiba. Walipolipita kanisa la Ganako, mwendo wa dakika kumi tu, kilikuwa kimelowa, na kanga ilimgandia kiunoni.

Ilikuwa Jumapili, mwaka ule ambao sukari ilipatikana kwa foleni na watu wakairudia pombe ya asali. Misa ikiisha, wanawake watatu walizunguka nyumba zilizopika, kuonja. Bernadina, Marsela na Blandina walikuwa marafiki tangu ubatizo, urafiki wa kukaa benchi moja na kutazamana viatu. Safari hii ilikuwa na jambo. Patrisi, mtoto wa Bernadina, alikuwa anaoa baada ya wiki mbili, na Tluway, mume wa Bernadina, alishatamka kwamba pombe ya wakwe ipikwe na Marsela. Akatamka mbele ya wazee! Mke anaye, jiko analo. Ni kweli pombe ya Bernadina ilikuwa chungu kiasi kwamba hata nguruwe aliinusa akaenda zake, lakini ukweli wa namna hiyo mwanaume mwenye akili humwambia mkewe shambani, wakiwa wawili.

Siri ya Marsela, au Mama Inosenti kama wengi walivyomwita, ilikuwa chachu yake, vipande vya tunda la mwegea alivyorithi kwa mama mkwe wake. Unavitia kwenye maji ya asali, pombe inaumuka, unavitoa, unavikausha, miaka na miaka. Na utaratibu kila mpishi aliujua: chachu haichukuliwi. Unaiomba, mwenyewe anakuwekea mkononi na kukutaja kwa jina, "Huyu ni fulani, mpikie vizuri." Kuomba ni maneno mawili. Bernadina aliona afadhali ameze jivu. Marsela alipoinama kuchota pombe ya wageni, mkono wa Bernadina ukapanda kwenye kamba iliyo juu ya jiko, ukashuka na kipande kimoja.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Cresensia, kule juu karibu na msitu wa Ngorongoro. Vyungu vyake vinne vilisikika tangu uani, vikinguruma kwa kuumuka. Bernadina alipokanyaga kizingiti, vikanyamaza vyote kwa pamoja.

"Mbona vimenyamaza?" Cresensia akauliza.

"Vimemwona Mama Patrisi," alisema Blandina, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango. "Vimekumbuka ile pombe yake ya Pasaka."

Wakacheka. Katikati ya kicheko ikasikika sauti ya mapovu, polepole, blup, blup, nayo haikutoka chunguni.

"Mwenzangu, ni tumbo lako hilo?" Blandina akamuuliza.

"Maharage ya jana," alisema Bernadina, akakaza kanga.

Hawakukaa. Harufu ilikuwa imeingia ndani, ya asali na ya nywele zilizoungua, na Cresensia akafungua dirisha kabla hata hawajaaga.

Njiani ukungu uliteremka kutoka kreta na kuwafunika mchana mweupe, na Bernadina akabaki nyuma makusudi ili wenzake wasisikie. Mapovu sasa yalikuwa pumzi, na pumzi hiyo ilikwenda sawa na yake, akivuta inavuta, akishusha inashusha, mpaka alipojaribu kuizuia pumzi yake kifuani na ile nyingine ikaendelea peke yake, ya joto, ikipanda kutoka kiunoni hadi chini ya titi kama mkono wa mtu anayepapasa gizani akitafuta mahali pa kulala, na alipotaka kuifungua kanga na kutupa kile kitu porini, fundo lilikazwa kutoka upande wa ndani.

Marsela alikuwa amesimama akimngoja.

"Mama Patrisi," alinong'ona. "Nipe nikutajie jina."

"Nikupe nini?"

"Sikugombezi. Sema tu, umechukua. Nitakitajia jina lako hapa hapa, kitulie. Ukifika nacho kwako hivi hivi, hajui wewe ni nani wake. Atachagua mwenyewe awe nani wako."

"Nani atachagua?" Blandina akauliza, na safari hii hakucheka.

"Mwenye chachu. Mama mkwe wangu hakuwahi kumwita jini, lakini ndilo."

Bernadina alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, kwenye ulimi. Kisha akamtazama Marsela usoni na hakuona hasira, aliona huruma. Hasira angeivumilia. Kuhurumiwa na mwanamke ambaye mume wako amemsifu mbele ya wazee!

"Sina kitu chako," akasema.

Chini ya kanga pumzi ikatulia kabisa, kama mtu aliyekuwa anasubiri jibu na amelipata.

Nyumbani fundo likafunguka lenyewe, naye akapika pombe ya wakwe kwa kipande kile. Tluway alinung'unika, akaonja, akaonja tena. Pombe ilikuwa nyepesi, tamu, inang'aa. Ila siku hizo kigoda cha Tluway kilikuwa kinalowa kila akitaka kukikalia, na sahani yake ya ugali ilikutwa imelambwa kabla hajanawa.

Siku ya harusi wakwe walikuja kutoka Mbulumbulu wakajaza uwanja. Wakanywa. Naftali, baba wa bibi harusi, akafuta masharubu kwa furaha.

"Jamani, nani amepika hii?"

Swali hilo Bernadina alikuwa amelingoja nusu ya maisha yake. Alimtafuta kwanza Marsela kwenye umati, amwone vizuri, ndipo akafungua mdomo ajibu.

Sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya mwanaume, nzito, yenye mapovu.

"Mke wangu," ikasema.

Watu wote wakamgeukia Tluway. Tluway alikuwa bado anakunywa, kibuyu kikiwa midomoni.