Sale Ukutani

"Weka chini! Naisula, nimesema weka chini hilo jani!"

Naisula aligutuka juu ya stuli, nyundo mkono mmoja, jani kavu mkono wa pili. Shoga yake Tekla alikuwa amesimama katikati ya sebule, macho yamemtoka utadhani kaona nyoka.

"Wee Tekla, nusura nijigonge kidole! Ni jani tu."

"Jani tu? Nani alikuletea?"

"Kwani lina nini? Nataka liwe hapa kati ya manyoya ya kanga na miiba ya nungunungu. Zamani lilikuwa hapa hapa."

"Lilikuwa ukutani?" Tekla akajishika kichwa. "Mungu wangu. Shuka. Shuka ukae."

Sasa, msimlaumu Naisula kabla hamjamjua. Nyumba ile ya Elerai ilikuwa inapambwa kwa ajili ya Jumamosi, siku ambayo Ezra, kijana mpole mwenye duka la vipuri, angeleta wazee wake kuposa. Naisula akatoa sanduku lake la siku zote. Humo mlikuwa na mawe mepesi ya mlimani, maganda ya mjakaranda, magamba ya konokono, shanga za bibi yake, na kengele ya yule ng'ombe aliyeuzwa ili yeye aende sekondari. Kila kitu alijua kiliokotwa wapi, na siku hiyo nani alicheka. Shida ni kwamba aliyekuwa anacheka, mara nyingi, alikuwa mtu mmoja.

"Nani alikuletea?" Tekla akarudia.

"Aminieli."

Jina hilo halikuwa limetajwa ndani ya nyumba ile kwa miaka, na lilipotoka Naisula alilisikia mpaka kifuani.

"Yule Mmeru mwenzangu wa Maji ya Chai? Aliyevunja kibuyu cha marehemu mama yako?"

"Huyo huyo. Alikuja kunisaidia kupaka rangi. Akakusanya makopo na matakataka, akatupa na kibuyu. Namuuliza, ananijibu, 'Si kilikuwa kizee?' Kibuyu cha mama, cha yeyo, Tekla! Kitu pekee kilichobaki na harufu yake!" Naisula akaangalia juu ya mlango wa jikoni. Msumari wa kibuyu ulikuwa bado pale, mtupu. Alishajaribu kutundika vitu vingi juu yake, hakuna kilichokaa vizuri. "Nikamfukuza. Na hakuniomba hata samahani. Alichofanya ni kuja kufunga jani kwenye komeo la geti nikiwa sipo. Nikasema haya, kanivunjia kibuyu, ananiletea pambo."

"Na ukalitundika."

"Lilikuwa zuri. Halafu..." Akainama. "Halafu lilikuwa lake. Nilikuwa bado nampenda, ningefanyaje?"

Tekla akalichukua lile jani kwa mikono miwili. Lilikuwa refu, limekauka rangi ya kahawia, na katikati lilikuwa limefungwa fundo.

"Naisula, hili ni sale. Kwetu mtu akikukosea kosa ambalo maneno hayatoshi, haji na maneno. Anakuja na sale limefungwa fundo. Hata watu waliogombania shamba miaka na miaka, sale likija wanasameheana. Yule kaka alikuja kukupigia magoti, na wewe ukamtundika ukutani na manyoya ya kanga!"

Naisula alichukua simu, akarudi nyuma, nyuma kabisa, kwenye meseji ambazo hakuwahi kuzifuta. Ya kwanza ilisema: "Nimeacha kitu getini. Nasubiri neno lako." Ya pili, ya mwisho kabisa, ilisema: "Nimeona ulipoliweka. Nimeelewa. Ubaki salama."

"Hii ya pili sikuwahi kuielewa," alisema. "Nilidhani ananiaga tu, kwamba kapata mwingine. Kaliona wapi? Hakuingia humu tena."

Halafu akaruka kama aliyechomwa.

"Baba! Baba, Aminieli aliwahi kuja hapa nikiwa kazini?"

Mzee Lomayani akaingia kutoka uani na fimbo yake.

"Alikuja. Nilikwambia."

"Hukuniambia!"

"Basi nilitaka kukwambia. Si ulikuwa umesema jina lake lisitajwe? Alikaa kiti kile. Alikuwa na begi, amelipakata kama mtoto mchanga, nikamwambia weka chini, akakataa. Akanywa chai nusu kikombe. Akaangalia ukuta huo, akaniaga. Nikajua chai yetu haina sukari."

"Baba! Hukujua hili jani ni nini?"

"Mimi ni Mwarusha, mwanangu. Angekuja ameshika nyasi mkononi, ningejua kaja kwa amani, na wewe ningekukalisha chini usikie. Jani la Wameru ningelijuaje?"

Tekla alitaka kucheka, akamwona mwenzake analia, akaacha.

Simu ikaita. Ezra.

"Naisula, habari za maandalizi? Sikia, mama anauliza kama yale mawe bado yapo. Anasema nije na maua ya kitambaa, yale yasiyonyauka, na picha moja kubwa ya maporomoko ya maji. Ukuta utapendeza."

"Ezra."

"Naam?"

"Jumamosi usilete wazee."



"Ni kwa sababu ya mawe? Basi yabaki, mimi sina neno nayo."

"Si mawe. Wewe hujanikosea kitu, Ezra. Mimi ndiye niliyetaka kukupa nyumba ambayo ndani yake bado yupo mtu. Nimejua leo. Nisamehe."

Alimsikia akivuta pumzi.

"Nilikuwa nakuona, unajua," Ezra alisema taratibu. "Unashika kajiwe, unapotea. Nikasema atazoea. Haya. Afadhali umesema kabla sijamsumbua mjomba kutoka Babati. Lakini usinipigie kunijulia hali, tafadhali. Niache nipone."

Akakata. Naisula alikaa ameshika simu, na roho ilimuuma kweli, maana mtu mwema kumuumiza si jambo dogo.

Mzee Lomayani akakohoa.

"Sasa unakaa nini? Nyasi ziko nyuma ya zizi. Ng'oa za kijani."

*

Bodaboda ilimshusha juu ya Maji ya Chai, pale njia inapoingia kwenye migomba na mibuni. Tekla alikuwa ameshapiga simu zake Kikatiti, akajua kwamba Aminieli hana mke, karudi kwao baada ya baba yake kufariki, na anakarabati nyumba ya familia. Mengine yote Naisula hakuyajua. Alikuwa na konzi ya nyasi mkononi.

Mama yake Aminieli, Mama Marta, alikuwa anaanika kahawa mbele ya nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama akakaza macho. "Wewe si yule binti wa kuokota mawe?"

"Ndiye mimi."

"Mh!" Akasimama, akajifuta mikono kwenye khanga. "Wewe ulikataa sale la mwanangu."

"Sikulikataa, mama. Sikulijua. Naapa mbele ya Mungu, sikujua ni kitu gani."

Mama Marta akageukia mlangoni na kupaza sauti.

"Aminieli! Njoo uone mgeni wako. Na mimi nasikiliza, msinong'one."

Akatoka. Alikuwa amekonda kidogo, ana rangi nyeupe ya dari mpaka kwenye nywele. Alipomwona alisimama pale pale, brashi mkononi.

"Naisula."

Naisula akanyoosha mkono wenye nyasi. Hotuba yote aliyoipanga tangu Elerai ilikuwa imeyeyuka.

Aminieli akaziangalia zile nyasi. Akamwangalia yeye. Akaziangalia tena.

"Umeniletea majani ya ng'ombe?"

Jamani! Naisula alicheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, mpaka akashika nguzo ya baraza.

"Unaona? Unaona tulivyo wajinga? Kwetu hii ndiyo sale. Ni amani, Aminieli. Lakini sitaki urudie kosa langu, kwa hiyo nasema na kwa mdomo: nisamehe. Jani lako nililitundika ukutani kwa sababu lilikuwa zuri na kwa sababu lilitoka kwako. Maana yake nimeijua leo asubuhi."

Brashi ikadondoka.

"Leo?"

"Leo. Kwa nini hukusema, mwanaume wewe? Samahani! Neno moja!"

"Sale ndilo neno lenyewe! Kwetu ukileta sale halafu ukaongea sana, ni kama unajitetea. Na wewe, kwa nini hukuuliza?"

"Nilikuwa na hasira. Na nilikuwa nakusubiri wewe."

"Na mimi nilikuwa nakusubiri wewe."

"Ingieni ndani," Mama Marta alisema huku akijifuta jicho kwa pindo la khanga. "Mnanitilia machozi kwenye kahawa."

Sebule ilinukia rangi mpya. Naisula alipiga hatua mbili akasimama. Juu ya rafu, chini ya picha ya marehemu baba yake Aminieli, yalikuwa yamepangwa mawe ya Mto Usa, yale waliyookota pamoja siku aliyoteleza na kiatu chake kikaenda na maji. Pembeni kulikuwa na unyoya wa kanga na maganda ya mjakaranda. Na katikati, kikiwa kimesimama chenyewe, kilikuwapo kibuyu cha mama yake.

Kilikuwa kimeshonwa. Ufa ulipita kuanzia shingoni mpaka tumboni, na juu yake uzi wa ngozi umetambaa kwa mishono, mingine imenyooka, mingine imepinda ovyo.

"Nilikifuata jalalani kesho yake," Aminieli alisema nyuma yake. "Nikampata mama mmoja sokoni anayeshona vibuyu. Iliyonyooka ni yake. Iliyopinda ni yangu."

"Kwa nini hukukileta?"

"Nilikileta. Kilikuwa ndani ya begi. Kisha nikaona sale ukutani, nikajua umenicheka. Nikasema siwezi kukuhonga kwa kibuyu cha mama yako mwenyewe."

Naisula alikifungua mfuniko, akaweka pua. Moshi na maziwa. Hafifu sana, lakini vilikuwapo. Alikumbatia kibuyu, akamkumbatia na mwenye mishono iliyopinda, akalia kama alivyolia siku ya msiba.

"Nasikia Jumamosi una wageni," Aminieli alimnong'oneza.

"Nilikuwa nao. Sasa nina kiti kitupu na baba anayelalamikia chai."

*

Kahawa ilipokwisha kuvunwa, wazee wa Kimeru walishuka Elerai kuposa. Mama Marta alileta mche mbichi wa sale, akaupanda mwenyewe pembeni ya geti, na lile jani kavu akaondoka nalo bila maelezo, kama kitu kilichomaliza kazi yake. Ukuta ulikuwa na mawe yake, manyoya yake na kengele yake ya ng'ombe, kila kitu mahali pake.

Aminieli aliingia wa mwisho, na begi lile lile. Hakusalimia kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa jikoni, akatoa kibuyu, akakitundika kwenye msumari. Kikakaa. Naisula aliyekuwa amebeba sinia la vikombe ilibidi aliweke mezani.

"Shikamoo, baba," Aminieli akasema, bado kasimama, begi tupu kalishika kifuani.

Mzee Lomayani alikitazama kibuyu cha mke wake. Kisha akamvutia kijana kiti, kile kile cha siku ile.

"Marahaba, mwanangu. Begi weka chini. Na leo chai umalize."