Matuta Marefu ya Katikati

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Klaudia alichota maji, akafagia uwanja, kisha akamsaidia bibi yake Ephrasia kumenya ndizi. Walikuwa wawili tu nyumbani kwao Nshambya. Baba yake alirudi salama kutoka vitani mwaka 1979, lakini baadaye ule ugonjwa ambao watu wa Bukoba waliutaja kwa kunong'ona ulimchukua yeye, kisha mama. Sasa ilikuwa 1988, na Klaudia alikuwa darasa la saba.

Jumanne moja Mwalimu Datius aliingia darasani na kitabu cha zamani cha jiografia. Akakipitisha kikiwa kimefunuliwa penye picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege.

"Hii ni Kanada," alisema. "Zamani sana, barafu nene kama mlima ilifunika nchi hii yote. Haikutulia. Ilisogea polepole, ikiburuta mawe na udongo. Ilipoyeyuka iliacha vilima hivi vilivyolala kuelekea upande mmoja, kama matuta ya viazi. Andikeni mnachokiona."

Klaudia aliitazama picha kwa muda mrefu. Katikati, matuta yalikuwa marefu na membamba kama kamba. Pembeni yalikuwa mafupi na manene. Akaandika: "Barafu ya katikati ilikwenda kasi kuliko ya pembeni. Ilikuwa kama mto ndani ya barafu."

Daftari lilirudi na alama nyekundu ya kosa.

"Barafu ni kitu kigumu kimoja," alisema Mwalimu Datius. "Haiwezi kukimbia hapa na kuzubaa pale. Futa, uandike kwamba ilikwenda sawasawa."

"Sifuti, mwalimu."

Mwalimu alimsogelea.

"Unasemaje?"

"Matuta hayalingani. Naomba uniambie kwa nini hayalingani, ndipo nitafuta."

Philbert, aliyeketi nyuma yake, akacheka. "Mtoto wa wagonjwa anamfundisha mwalimu! Hata mtihani wa mwisho hataufikia."

Machozi yalimlenga Klaudia, lakini aligeuka akamtazama usoni. "Wazazi wangu waliugua, hawakuwa wajinga. Na mimi macho yangu ni mazima."

Mwalimu alipiga meza. "Toka nje! Usirudi bila mlezi wako, na uje kuomba radhi mbele ya darasa."

Nyumbani, bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulimtukana?"

"Hapana, bibi."

"Uliongopa?"

"Niliandika nilichokiona."

"Basi hatuombi radhi kwa sababu ya kuona. Lakini mwalimu hawezi kuingia kichwani mwako, omwana wange. Utamwonyeshaje?"

Klaudia aliwaza jioni nzima. Alipomwona bibi akikoroga uji wa muhogo, akaruka. Walikwenda kibanjani, kwenye migomba yao, wakabandua gamba pana la mgomba, lenye umbo la mfereji. Uji wa kwanza waliomimina humo ulikuwa mwepesi, ukamwagika wote. Wa pili ulikuwa mzito mno, haukusogea. Wa tatu ukakubali, ukasogea polepole.

Asubuhi bibi alijitwika gamba, Klaudia akabeba sufuria.

"Waitu mwalimu," alisema bibi mlangoni kwa heshima ya Kihaya, "mjukuu wangu akiwa na kosa ataomba radhi. Kwanza mtazame."

Klaudia alimimina uji ndani ya gamba. Juu yake akapanga maharage kwa mstari mmoja, kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha akainua upande mmoja. Wanafunzi walisongamana. Maharage ya katikati yalitangulia, ya pembeni yakabaki nyuma, na mstari ukapinda kama upinde.

"Uji ni huohuo mmoja," alisema Klaudia, "na haukwenda sawasawa."

"Uji si barafu," Mwalimu akajibu.

"Ni kweli, mwalimu. Kitabu chenyewe kinasemaje?"

Mwalimu alifungua kitabu, akafunua ukurasa uliofuata ile picha. Alisoma kimya, midomo ikicheza. Alipoinua uso, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Kinasema kwamba pale barafu ilipokwenda kasi, vilima vilivutika vikawa virefu zaidi. Wataalamu huyafuata matuta hayo ili kujua mito ya barafu ilipita wapi. Ukurasa huu sikuusoma."

Akachukua kalamu nyekundu, akakata alama yake mwenyewe, akaandika "Vema sana". "Mimi ndiye ninayeomba radhi, Klaudia. Na Philbert, simama."

"Nisamehe," Philbert alisema kwa sauti ndogo.

"Nimekusikia," alijibu Klaudia. "Usimwambie tena mtu yeyote maneno yale. Humu ndani sikufiwa peke yangu."

Wanafunzi wengi waliinamisha vichwa. Bibi Ephrasia akamshika mjukuu wake bega.

"Watoto," alisema Mwalimu Datius, "heshima si kukubali usichokiona. Klaudia hakunitukana. Aliuliza, akajaribu, akaleta ushahidi. Mkibishana, bishaneni hivyo. Na atakayegundua kwamba amekosea aseme mapema, hata kama ndiye aliyeshika chaki."