Mgeni wa Jumamosi

Jumamosi ile soko la Butembo lilikuwa limefurika. Magunia ya viazi kutoka Musienene yalikuwa yakishushwa, moto, zile pikipiki za taxi, zikipiga honi katikati ya watu, na mawingu meusi yakijikusanya juu ya mji. Myriam Kavuo alikuwa akivuta turubai juu ya meza yake ya vitabu vya mitumba wakati kidole cha mtu kilipotua juu ya kitabu kimoja.

"Hii, mademoiselle, usiifunike kwanza."

Aliinua macho. Mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, viatu vimepanguswa lile vumbi jekundu ambalo watu wa Butembo wamekwisha kuacha kupigana nalo. Mgeni, Myriam alijiambia. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa kitenge cha kijani chenye maua ya manjano, na kitambaa cha kichwa alichokifunga mbiombio kilikuwa kimeegemea sikio moja.

"Unapendaka bitabu bya suspense?"

"Sana. Bya batu benye banajificha. Hii inasema nini?"

"Mwanamuke anaolewa na bwana mwenye alikuta ku gare ya treni. Kiisha, anakuta mu valise yake passeport tatu. Majina tatu, picha moya."

"Na ule bwana ni nani, sasa?"

"Nunua, utajua."

Mgeni alicheka, akapekua kitabu mpaka nyuma. Kicheko kikaisha. "Mais, haina mwisho! Balipasula kurasa!"

"Njo maana naiuzisha bei ya chini. Mwisho niko nayo mu kichwa. Soma, kiisha urudie nitakuambia."

"Mimi nakaa Beni."

"Basi utarudia toka Beni."

Akarudi, baada ya wiki mbili, na miisho mitatu aliyoitunga mwenyewe. Yote ilikuwa ya uongo, na Myriam alicheka mpaka wauza nyanya wa jirani wakageuka. Alisema anaitwa Roger, mzaliwa wa Kindu kule Maniema, mwalimu wa kemia katika shule moja ya sekondari ya Beni. Tangu siku hiyo kila Jumamosi ya pili alikuwa hapo mbele ya meza, na siku nyingine simu ya Myriam ililia saa sita kamili, wakati wanafunzi wa Roger wanatoka.

"Allô, bébé. Umekula?"

"Nimekula bugali na sombe. Wewe?"

"Mimi nimekula chaki."

"Basi usinikaribie na ile midomo myeupe."

"Utaipangusa wewe."

Siku moja walikaa katika mgahawa mdogo wa mtaa wa Kimemi, chai inatoa moshi kati yao. Roger akamuuliza kwa nini mwanamke mpole namna hii anasoma tu habari za watu wabaya.

Myriam alikoroga chai yake. "Papa yangu alikufia mu shamba yake ya kakao, upande wa Beni. Bale batu balikuya muchana, bamevaa uniforme. Papa akabasalimia, akajua ni basoda betu ba jeshi. Mpaka leo hatujue balikuwa banani. Lakini mu kitabu, mutu ajifiche namna gani, ku mwisho banakuonyesha sura yake. Mimi nasoma sababu ya ile ukurasa ya mwisho." Akamtazama. "Na wewe?"

Roger alizungusha kikombe. "Mimi napenda katikati. Pale mutu anajificha, na banamupenda bado."

Myriam aliona ni jibu la akili. Akalishika moyoni kama zawadi.

Baada ya miezi tisa Roger alipiga hodi kwa Mama Emérence, mama yake Myriam, na koti aliloliazima kwa jirani na maneno aliyoyakariri. Mama Emérence alikubali. Kitsa, kaka mkubwa, alikubali nusu. "Mutu wa mbali hana mutu wa kumushuhudia," alisema, lakini alimpa mkono.

Kilichobaki kilikuwa cheti cha ubatizo. Bila cheti, paroko hawezi kuandikisha ndoa. Hapo ndipo Roger alipoanza kuteleza. Mara Kindu ni mbali. Mara karani wa kule anaugua. Mara archives ziliungua. Alipokuwa akisema hayo alikuwa akitazama mikono yake, na kwenye simu akawa mtu wa kukatakata maneno. Myriam alidhani ni aibu ya mtu asiye na nauli ya kwenda kwao. Akaamua kumrahisishia. Alimwomba Ananie, karani wa parokia, awaandikie moja kwa moja wenzake wa Kindu.

Siku ya nane Ananie alimwita ofisini.

"Dada Myriam, ikala kwanza."

"Kuna nini?"

Ananie alisukuma simu yake juu ya meza. Ilikuwa picha ya ukurasa wa daftari la zamani: jina la Roger, jina la baba, jina la mama, tarehe ya ubatizo, vyote kama alivyovisema yeye. Pembeni, kwa wino mwingine, mtu aliongeza mstari mmoja. Myriam aliusoma mara mbili.

"Huyu alikufa," Ananie alisema taratibu. "Balimuzika miaka saba sasa."

Nje, kwaya ilikuwa ikirudia wimbo mmoja uleule. Myriam alitoka, akasimama chini ya mikaratusi ya parokia, akapiga namba aliyoijua kuliko yake mwenyewe.

"Allô, chérie? Niko mu classe."

"Roger."

"Ndiyo?"

Akamsikiliza anavyopumua.

"Myriam? Iko nini?"

"Hapana kitu. Nilitaka tu nisikie kama utaitika."

Akakata.

Katika vitabu vyake, mwanamke wa namna hii huenda kimyakimya kumpeleleza mtu wake. Ndicho alichotaka kufanya kesho yake asubuhi. Lakini Kitsa alikuwa amemwona macho yamevimba, akamnyang'anya simu, akaiona picha.

"Mutu anatembea na jina ya maiti, mu Beni hii yetu? Unajua ile ni nini? Pengine njo bale bale benye balituulia papa!"

"Kaka, nakuomba. Utakaa kimya. Nitamuuliza mwenyewe."

"Nitakaa kimya," Kitsa aliapa.

Walishuka Beni pamoja. Walifika kwenye lango la shule wakati kengele ya kutoka inapigwa. Wanafunzi walimwagika barabarani, bluu na nyeupe, na nyuma yao akaja Roger, mikono imejaa chaki. Alipomwona Myriam alitabasamu. Kisha aliuona uso wake, na tabasamu likakauka.

Kitsa hakuweza kujizuia. Alimrukia, akamkamata kifuani. "Wewe ni nani? Sema jina yako ya kweli! Roger alikufa!"

Waendesha moto walisimamisha pikipiki zao. Wauza ndizi wakainuka.

"Ni nani huyu?"

"Anakamata jina ya maiti!"

"Ni adui! Alete carte yake!"

Duara likafungwa. Mtu mmoja alikuwa ameokota tofali. Katika mji ule, baada ya maziko yote yale, hakuna aliyehitaji kuambiwa nini humpata mgeni asiyeweza kujieleza. Kitsa mwenyewe alishtuka, akaliachia shati, lakini alikuwa amechelewa. Na yule waliyemzunguka hakujitetea. Alikuwa akimtazama Myriam tu, kama mtu anayengoja kusomewa hukumu.

Myriam aliingia kwa viwiko. "Mumuache! Ni muchumba yangu. Mimi namujua!"

"Unamujua?" aliuliza mwenye tofali. "Basi anaitwa nani?"

Alifungua mdomo. Jina alilokuwa nalo lilikuwa la uongo, na lingine hakuwa nalo.

"Mimi," alisema, "ni Kavuo, binti ya marehemu Syauswa, mwenye baliua mu shamba yake ya kakao. Munafikiri ningesimama mbele ya muuaji nimukinge? Kama ni kumupiga, muanze na mimi."

Hakuna aliyesogea. Mama mmoja wa ndizi alisema kwa sauti ya chini kwamba alimjua Syauswa. Tofali likashuka kidogo. Katika upenyo huo Gamaliel, préfet, yaani mkuu wa shule, mzee wa miwani minene, aliwavuta wote watatu ndani ya ofisi yake na kufunga mlango.

Yule mwanaume aliketi kwenye kiti, akaongea akiitazama sakafu. Roger alikuwa kaka yake mkubwa. Nyumbani hawakuweza kusomesha wawili, kwa hiyo yeye aliacha chuo mwaka wa pili ili Roger amalize. Roger alipata barua ya kutumwa Beni kufundisha. Siku kumi kabla ya safari, homa ikamuua. Aliacha mke na watoto watatu.

"Nilikamata barua, diplome, na jina. Nilijiambia ni mwaka moya tu. Bale batoto balikuwa banalala njaa."

"Na mimi?" Myriam aliuliza. "Mimi nilikuwa mu ule mwaka moya?"

"Wewe njo ulifanya nishindwe kusema. Kila Jumamosi nilitoka hapa nikisema leo nitamuambia. Kiisha unacheka, na ninaogopa."

"Jina yako ni nani?"

"Hénock."

Myriam hakulitamka. Alisimama, akajifunga kitenge upya. "Nilikuokoa sababu sikutaka mutu afe bila kuulizwa. Lakini sikujue. Usinipigie tena simu."

Hakupiga. Wiki tatu simu ya saa sita haikulia, na Myriam alijikuta akiitazama saa sita. Alijaribu kusoma, mistari ilikimbia. Wateja walipomwuliza habari za kitabu aliwaambia tu bei. Kitsa alikuwa akimletea chakula mezani bila kuitwa, macho chini. Tofali lile alikuwa akiliota.

Kisha ukaja ujumbe wa préfet Gamaliel. Hénock alikuwa amekwenda mwenyewe kwenye ofisi ya elimu na kueleza yote. Amefukuzwa kazi, amekaa siku kumi na tisa mahabusu, sasa ametoka na anangoja siku ya kuitwa mahakamani.

Siku mbili baadaye simu ililia, namba ngeni.

"Dada Myriam? Mimi ni Clémence, niko Kindu. Mimi njo muke ya Roger. Roger wa kweli. Préfet njo alinipa namba yako."

Myriam aliketi juu ya rundo la vitabu.

"Banasema Hénock aliiba jina," sauti iliendelea. "Haikuwa yeye. Ni mimi nilimuwekea zile papiers mu mikono. Alikataa, alilia kama mutoto. Nikamuambia: basi chagua mutoto gani tutazika kwanza. Njo akaenda."

"Juu ya nini unaniambia?"

"Sababu yeye hatakuambia. Kwa bale bakubwa alisema ni wazo yake peke yake, ili basinifunge."

Myriam alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Alikuwaka mutu wa namna gani, mbele ya yote?"

Wakaongea mpaka unités za simu zikaisha.

Myriam alimkuta Hénock mjini Beni, kwenye ghala la kakao, gunia begani, kaptula imechakaa, jasho limechora njia katika vumbi la mgongo. Harufu chachu ya kakao ilijaza kifua.

"Hénock!"

Hakugeuka. Alilitua gunia, akafuata lingine.

"Hénock!"

Mwenzake alimgusa. "Banakuita, kaka."

Aligeuka polepole. "Huku hakuna mutu mwenye ananiitaka hivyo," alisema.

"Mimi nimeanza."

"Myriam, tribunal bado. Banaweza kunifunga."

"Najua. Ikala hapa." Alikaa juu ya gunia, naye akakaa mbali kidogo, akificha mikono yake michafu. "Nitakuuliza, utanijibu. Nikiona unadanganya, narudia Butembo leo hii. Nani aliwaza kwanza ukamate jina ya Roger?"

Hakusita hata kidogo. "Ni mimi. Mimi peke yangu."

Myriam alimtazama mpaka yeye mwenyewe akainamisha kichwa.

"Swali ya kwanza tu," alisema, "na umekwisha kunidanganya. Clémence alinipigia simu."

Hénock alifunika uso. Mabega yake yakaanza kutikisika, na wabebaji wengine wakajifanya wanahesabu magunia. Myriam hakusimama kwenda. Alisogea mpaka bega lake likagusa lake, akaushusha mkono wake mmoja toka usoni, vumbi na yote, akaushika.

"Anza tena," alisema. "Toka mwanzo. Niko na siku muzima."